UZI: Gari la mashindano la kujengea nyumbani, miaka ya 50, halina chata wala jina. Tunalitambuaje?

MtuWaGereji

Wakuu salaam. Niko Coventry huku Uingereza, kazi yangu ufundi magari. Jirani yangu ni bibi mmoja mjane, marehemu mumewe aliacha gari kwenye banda la nyuma, limefunikwa turubai miaka na miaka. Sasa watu wa mnada wameshaanza kumpigia simu na kila mmoja anamwambia lake, ndo akaniita akasema anataka kujua ni gari gani hasa kabla hajaamua chochote.

Nimeingia na tochi. Ni kagari kadogo kako chini kweli kweli, viti viwili, mbele ya dereva kuna kioo kifupi tu, bodi ni ya faiba, kijani kilichopauka, na nyuma ya kichwa cha dereva kuna nundu. Chata hakuna popote, si kwenye boneti si kwenye usukani si kwenye rimu. Kibati cha namba ya shasi nimekitafuta sijakiona. Bibi anasema mzee alilijenga kwa mikono yake mwenyewe akawa anaenda kukimbia nalo wikiendi. Nataka nimpe jibu la kweli sio la kubahatisha. Wajuzi karibuni, nianzie wapi?

Kivukoni_Dar

Mkuu hiyo ni Lotus. Kijani, iko chini, nundu nyuma ya kichwa, hiyo Lotus Eleven ya 1956 kabisa. Mwambie bibi asimpe mtu, hiyo ni hela ndefu.

MzeeShasi

Kivukoni ndugu yangu taratibu. Hapo ndipo watu wengi wanapoanza vibaya, wanaangalia bodi halafu wanataja jina la kampuni. Kwa gari la kiwandani sawa, ila kwa gari la kujengea nyumbani bodi ndo kitu cha mwisho kabisa kuangalia kwasababu ndo kitu kilichokuwa kinabadilishwa kirahisi kuliko vyote.

Ngoja nieleze kidogo kwa wasiojua hizi gari, wenyewe wanaziita speshali. Uingereza baada ya vita magari mapya yalikuwa ya shida na vijana hawana hela, lakini chakavu zilijaa kila kona, hasa Austin 7. Hiyo Austin 7 ilitengenezwa kuanzia 1922 mpaka 1939, karibu 290,000, kwahiyo mtu anainunua kwa bei ya bure, anavua bodi lote, anabaki na shasi injini na magurudumu, anajenga lake juu yake kwenye banda la nyumbani. Klabu ya 750 Motor Club ilianzishwa 1939 kwa ajili ya wapenzi wa hizo hizo Austin 7, na 750 inatokana na ukubwa wa injini maana ni sisi (cc) 747. Baada ya vita wakaweka mashindano yenye sheria za kulinda wenye kipato kidogo, 750 Formula. Baadaye 1953 wakaja na 1172 Formula, hii ni ya injini ya Ford 10 ya sisi 1172.

Kwahiyo mkuu MtuWaGereji usijiulize hii ni gari ya kampuni gani, maana jibu lake ni hakuna. Jiulize vyuma vyake vimetoka kwenye gari gani, na vimeingia lini. Achana na bodi kwa sasa, lala chini ya gari, utuambie mambo haya: springi za nyuma zimekaaje, za mbele zimekaaje, bloku ya injini ni kipande kimoja au viwili, na umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma ni milimita ngapi. Na tafadhali sana usioshe kitu, usikwangue kitu, usifungue hata nati moja kabla ya kupiga picha. Vumbi na rangi za zamani ndo kumbukumbu yenyewe.

Nakuru254

Hii nafuata. Kuna wenye hawajui Colin Chapman mwenyewe wa Lotus alianza hivyo tu, Austin 7 mzee ya 1928 kwa gereji ya nyuma ya nyumba ya wazazi wa girlfriend yake, London. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza, 1948.

MzeeShasi

Kweli kabisa Nakuru, na hiyo stori ndo inaonyesha ugumu wa hii kazi. Hiyo Lotus ya kwanza ilikuwa na namba OX 9292, OX ni herufi za Birmingham. Chapman akaijengea bodi ya plaiwudi iliyogandishwa na alumini, akaitumia kwenye zile mbio za kupanda vilima vya matope. 1950 akaiuza. Mpaka leo haijulikani ilipo, kampuni yenyewe imetangaza dunia nzima kuitafuta na hola. Fikiria sasa, gari lililozaa kampuni iliyochukua ubingwa wa Formula One, huenda liko kwenye banda la mtu limevalishwa bodi nyingine na mwenyewe hajui. Au lilishakatwa skrepa mwaka ule ule. Na akilipata mtu leo hatalitambua kwa bodi, atalitambua kwa shasi na makaratasi.

MtuWaGereji

Nimerudi wakuu. Nimelala chini ya gari na nimepiga picha kila kona kabla sijagusa.

Nyuma: springi mbili za bapa, zile za vyuma vilivyopangana kama za lori ila fupi, zimetokea kwenye ncha za shasi zinaelekea nyuma, ekseli imening'inia mwishoni mwake. Mbele: springi moja tu ya bapa imelala kushoto kwenda kulia. Shasi ni vyuma viwili vya mfereji, vinakutana mbele na kupanuka kadri vinavyoenda nyuma kama herufi A. Ule mfereji kuna mtu ameuziba kwa bati nene ukawa boksi, na kachomelea kwa shaba maana viungo vina rangi ya njano.

Ekseli ya mbele imekatwa katikati! Kila upande unacheza peke yake kwenye pini pale kati.

Kati ya magurudumu nimepata milimita 2,057 na kidogo, nimerudia kupima.

Injini: valvu ziko ubavuni, bloku na sehemu ya chini ya kranki ni chuma kimoja, sijaona pampu ya maji. Gia boksi inaonekana ni ya gia tatu.

MzeeShasi

Safi sana, umefanya kazi ya maana. Tusome pamoja.

Shasi yenye umbo la A, springi moja ya mbele imelala, nyuma robo springi mbili, hiyo ni Austin 7 bila ubishi. Ingekuwa Ford ya zama hizo ungekuta nyuma nako kuna springi moja iliyolala kama ya mbele. Na kipimo chako kimesema zaidi: Austin 7 za mwanzo zilikuwa na inchi 75, yaani milimita 1,905. Kuanzia mwishoni mwa 1931 wakarefusha ikawa inchi 81, ndo hizo 2,057 zako. Kwahiyo shasi imezaliwa baada ya hapo, na hapo hapo tumeshamjibu yeyote atakayekuja kumwambia bibi hii ni Lotus ya kwanza, maana ile ni Austin ya 1928.

Ila injini sio ya Austin. Austin 7 bloku yake ni chuma cha kalibu kimefungwa kwa boliti juu ya krankikesi ya alumini, vipande viwili tofauti vinaonekana waziwazi. Wewe umekuta kipande kimoja, hakuna pampu ya maji, maji yanazunguka yenyewe kwa joto, gia tatu. Hiyo harufu ya Ford 10, ile ya zamani E93A, sio ya 100E iliyokuja 1953, hiyo ya baadaye ina pampu. Zote ni sisi 1172, silinda milimita 63.5 na mwendo wa pistoni 92.5, kwahiyo ukipewa namba ya sisi tu huwezi kuzitofautisha, lazima uangalie chuma.

Ekseli iliyokatwa katikati na yenyewe ni sahihi ya zama zake. Kulikuwa na bwana Leslie Ballamy, alikuwa anauza vifaa vya kugawa ekseli hivyo ili kila gurudumu licheze peke yake, alama yake LMB. Hata Lotus Mark VI ya 1952 ilitumia ekseli ya Ford iliyokatwa. Angalia kama kuna herufi LMB popote pale kati. Kama hakuna basi mzee alikata mwenyewe, wengi walikata wenyewe.

Mchomeleaji

Mie kazi yangu kuchomelea miaka yote, naomba niongezee kwenye hiyo njano. Kuchomelea kwa gesi na fimbo ya shaba ndo ilikuwa njia ya mtu wa nyumbani na hata ya wajenzi wakubwa wa fremu za mabomba. Pita kila kiungo na tochi. Ukikuta mahali mstari wa kuchomelea ni wa kijivu, laini, umejaa sawasawa kama umetoka kwenye ile mashine ya waya wa kujisukuma, ujue hapo kuna mkono wa baadaye sana, hizo mashine zilifika kwenye magereji madogo miaka ya 70 na 80. Kiungo hakidanganyi. Mimi huwa napiga picha kila kiungo naandika njano, kijivu, umeme, halafu naona ramani ya nani alifanya nini na lini.

Na nati pia. Chukua spana zako uone zipi zinaingia. Uingereza ya zamani uzi wake ni wa viwango vya Whitworth na BSF, baada ya vita ndo wakaanza kuhamia uzi wa kimarekani. Halafu kuna moja inawachanganya sana watu: nati yenye uzi wa milimita lakini kichwa chake kinataka spana ya Whitworth. Ukikuta hiyo umeshika chuma cha Morris au MG, zile injini za MG za XPAG sisi 1250 ziko hivyo.

DadaSpana

Habari zenu kaka zangu. Kaka MtuWaGereji angalia na vitu vya Lucas, ile kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, yaani dainamo na distribyuta. Lucas walikuwa wanagonga mwezi na mwaka kwenye chuma chenyewe, inasomeka kwa mfano 7 52, yaani mwezi wa saba 1952. Sio ushahidi wa mwisho kwasababu dainamo hubadilishwa, ila ukipata tatu zinazokaribiana unaanza kupata mwaka. Kabureta zikiwa SU kuna kibati kidogo cha alumini juu ya kifuniko cha chemba ya boya kimeandikwa AUC na namba, hizo namba zinaonyesha kabureta ilitengenezewa gari gani.

Na dashibodi. Ukikuta geji yoyote yenye taji na herufi AM, yaani Air Ministry, wizara ya anga ya Uingereza, hiyo imetoka kwenye ndege ya vita. Baada ya 1945 mali za jeshi la anga ziliuzwa kwa bei ya kutupa na wajenzi wa hizi gari walizikimbilia, saa za kupimia, matanki, viti, mabomba, alumini ya bati.

Nakuru254

Na si Uingereza pekee. Australia kuna Maybach Special, jamaa anaitwa Charlie Dean alichukua injini ya gari la jeshi la Wajerumani lililotekwa vitani akaijengea gari ya mashindano. Stan Jones akashinda nayo New Zealand Grand Prix 1954, huyo ni baba yake Alan Jones aliyekuja kuwa bingwa wa Formula One. Sasa wewe ukikuta hiyo injini kwa banda bila karatasi utasema ni gari gani? Italia nako baada ya vita vijumba vidogo vya kutengeneza magari vilikuwa kibao, Stanguellini Modena, Bandini Forlì, Ermini, Moretti, wengi wao wanaanzia Fiat Topolino ama Fiat 1100. Hata Cooper ya kwanza ya 1946, John Cooper na baba yake pale Surbiton walichukua sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili, moja ikakaa mbele nyingine nyuma, wakaweka injini ya pikipiki ya JAP.

MzeeShasi

Nakuru umenigusa. Alec Issigonis aliyekuja kuitoa Mini 1959, kabla ya vita yeye na rafiki yake George Dowson walijenga Lightweight Special kwa mikono, miaka wanaisugua, ikakamilika 1938, ubavu wa plaiwudi uliofunikwa alumini ndo unabeba mzigo badala ya shasi. Vitu vya ndani mwake vingi ni Austin 7. Bruce McLaren kule New Zealand kaanza na Austin 7 Ulster ya 1929. Eric Broadley kabla ya Lola alijenga Broadley Special ya mashindano ya hizi hizi injini za 1172. Kwahiyo mtu asidharau gari lisilo na jina. Tofauti ya mzee wa huyu bibi na hao wengine ni kwamba yeye aliishia kwenye gari moja, lakini banda ni lile lile na vyuma ni vile vile.

MtuWaGereji

Wakuu kumenoga. Majibu:

LMB hakuna. Pini ya kati imetengenezwa kwa mkono, alama za tupa zinaonekana kabisa.

Distribyuta imegongwa mwaka 52, dainamo 53. Geji ya presha ya mafuta ina taji na AM. Viungo vya shasi vyote njano isipokuwa vishikizo vinavyobeba bodi ya faiba, hivyo vimechomelewa kwa umeme na vimekaa juu ya rangi ya zamani. Yaani bodi ya faiba imekuja baada ya shasi kupakwa rangi na kutumika. Halafu nikaona kwenye ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, pembeni kuna mabaki ya bati la alumini limekatwa na mkasi, ripiti zake bado zipo, na lina rangi nyekundu.

Kulikuwa na bodi nyingine kabla ya hii. Nyekundu, ya alumini.

Namba za usajili zina herufi za Birmingham.

Kivukoni_Dar

Dah. Hapa nimekaa mkao wa kula. Mzee Shasi kwahiyo faiba ni ya lini?

MzeeShasi

Faiba kwa watu wa nyumbani ni kuanzia katikati ya miaka ya 50. Kabla ya hapo ukitaka bodi ulikunja alumini mwenyewe au ulimlipa mnyoosha bodi, na umbo la mviringo ndo gharama kubwa. Wakaja kina Ashley, Falcon, Rochdale, Microplas na bodi yao Mistral, wakawa wanakuuzia ganda tupu la faiba la kuvalisha kwenye Austin 7 au Ford Popular. Kulikuwa na sababu ya kodi pia, gari zima jipya lililipiwa kodi ya ununuzi na vipande vitupu havikulipiwa, mpaka 1973 kodi ya VAT ilipoingia ikaua huo mchezo. Na 1960 serikali ikaleta ukaguzi wa lazima kwa magari yaliyozidi miaka 10, speshali nyingi zikaegeshwa hapo hapo hazikutoka tena.

Ganda lako ni la nani, kusema kweli ni kazi ngumu. Peter Pellandine alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ashley, kisha akaondoka akaanzisha Falcon, kwahiyo maumbo yanafanana ka ndugu. Na kuna waliochukua ganda la mwenzao wakapiga kalibu yao bila kuomba. Mimi ningepima urefu, upana, umbo la mdomo wa mbele, na kuangalia upande wa ndani wa faiba, mkeka wa nyuzi umepangwaje, kuna mbao zimefukiwa wapi, kisha kulinganisha na magari yanayojulikana. Usitaje jina kwasababu picha moja ya tangazo inafanana.

Muhimu zaidi sasa hivi ni makaratasi. Muulize bibi kama kuna kile kitabu cha zamani cha usajili, kina jalada la rangi ya kaki. Hicho kilikuwa kinatolewa na halmashauri kabla kumbukumbu hazijahamishiwa ofisi kuu ya usajili pale Swansea miaka ya 70. Ndani yake kuna kila mmiliki na mihuri, na mtu akibadilisha injini au aina ya bodi alitakiwa kuandikisha. Hicho kitabu ni dhahabu. Na kama hakipo, rejista za zamani za halmashauri nyingine zimehifadhiwa kwenye nyaraka za kaunti na kwenye Kithead Trust pale Droitwich. Nyingine zilichomwa ndo basi tena.

Kumbuka tu namba za Birmingham hazimaanishi gari lilijengwa Birmingham. Austin zilitoka kiwanda cha Longbridge pale pale, kwahiyo namba ni za mama yake.

DadaSpana

Na picha! Mzee akikimbia mashindano lazima kuna picha mahali, bibi afungue albamu. Picha moja ya zamani unaisoma hivi: dereva amevaa nini kichwani, kofia ya kitambaa au ngumu, maana kwenye Grand Prix kofia ngumu zilianza kuwa lazima 1952. Pembeni ya barabara kuna nini, mapipa ya mafuta kwenye uwanja tambarare basi fikiria Silverstone, ule ulikuwa uwanja wa ndege wa vita. Ikiwa Brands Hatch angalia magari yanaelekea wapi, mpaka 1954 walikuwa wanazunguka kinyume na saa, ndo wakageuza. Kwahiyo picha hiyo hiyo isiyo na tarehe inakupa mwaka wake. Namba ya ubavuni nayo, ukiipata unaenda kwenye programu za mashindano, zile za kuuzwa getini, kuna orodha ya namba, jina la dereva, gari na sisi za injini. Gazeti la Motor Sport lipo tangu 1924 na matoleo yake ya zamani yanasomeka mtandaoni, Autosport tangu 1950.

Kivukoni_Dar

Swali la mtu asiyejua: kwanini isibadilishwe tu ikawa Lotus? Si vyuma vinafanana? Thamani si inapanda?

MzeeShasi

Kivukoni nashukuru umeuliza wazi kwasababu wapo wanaofanya na hawaulizi. Ndo kitu kinachoniuma kuliko vyote kwenye hii fani. Speshali ngapi zimevunjwa ili shasi irudi kuwa Austin Ulster ya bandia, au bodi itupwe ivalishwe alumini mpya na ipewe hadithi ya Lotus. Wanasema gari lenyewe si lolote, halina jina. Jina linalo! Kuna mtu alirudi kazini jioni, akala, akaingia bandani akakata ekseli kwa msumeno wa mkono akachonga pini kwa tupa mpaka ikakaa. Ukiibandika Lotus umemfuta huyo mtu, na Lotus yenyewe hujaipata, maana wajuzi wa Historic Lotus Register wataikamata kwa vipimo asubuhi moja. Umepoteza vyote viwili.

Halafu kisheria, ukitaka kukimbia nalo kwenye mashindano ya magari ya zamani ya kimataifa unatakiwa hati ya FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, inayosema gari liko katika hali ya mwaka fulani, na unathibitisha. Usipothibitisha unakwama.

Mchomeleaji

Nimesoma hiyo mara mbili. Asante mzee.

MtuWaGereji

Wakuu. Kitabu kipo. Kilikuwa kwenye droo ya cherehani pamoja na kadi za krismasi. Bibi amekaa nami jana tumekisoma ukurasa kwa ukurasa, na albamu pia.

Gari la kwanza limeandikwa ni Austin saluni, limesajiliwa Birmingham miaka ya 30. Mzee ni mmiliki wa tatu. 1951 aina ya bodi imefutwa saluni ikaandikwa ya michezo viti viwili, muhuri wa halmashauri ya Coventry. 1954 namba ya injini imebadilishwa. 1958 rangi imebadilishwa kutoka nyekundu kuwa kijani.

Kwahiyo mambo yamekaa sawa na vyuma. Nyekundu ya alumini ni 1951, Ford ikaingia 1954, kijani cha faiba 1958.

Kwenye albamu kuna picha ya gari jekundu, kwa maana picha ni nyeusi na nyeupe ila bibi anasema ndo lile, bodi imenyooka imekunjwa kwa mkono, madigadi ya pikipiki, mzee amevaa kofia ya kitambaa na miwani. Nyuma kuna mapipa. Na kuna programu moja imekunjwa mara nne, darasa la 750, jina la mzee halafu neno Special. Ndivyo alivyoliita. Jina lake la ukoo na Special.

Bibi alikaa kimya kidogo kisha akasema yeye ndo alikuwa anashika upande wa pili wa bati wakati mzee anagonga ripiti.

MzeeShasi

Kazi imekwisha hiyo, kwa kiasi kikubwa. Na angalia kitu kimoja kizuri: 1951 aliingia darasa la 750 na injini ya Austin. 1953 klabu ikaanzisha 1172 na mwaka uliofuata tu yeye anabadilisha injini kuweka Ford 10. Huyo alikuwa anafuata mashindano, sio mtu wa kuchezea gari la maonyesho. Programu za 1954 mpaka 1958 zitafutwe kwenye darasa la 1172, nina imani jina lake litaonekana.

Na bibi aandikwe kama mjenzi pia. Simaanishi kwa heshima tu, aliyeshika bati la pili wakati wa ripiti amejenga, ripiti haipigwi na mtu mmoja.

Nakuru254

Sasa swali ngumu. Ukiamua kulitengeneza, unarudisha la 1951 ama unaacha la 1958? Mimi ningerudisha alumini na injini ya Austin, hiyo ndiyo design yake yeye. Faiba alinunua tu.

DadaSpana

Mimi siko pamoja nawe kaka. Aliyevua alumini ni yeye mwenyewe, kwa sababu zake, labda alitaka gari lipasue upepo vizuri, labda alumini ilipasuka. Ukirudisha nyuma unamsahihisha mtu kwenye gari lake. Na alumini ya 1951 haipo, utatengeneza mpya kwa kukisia kutoka picha moja ya upande. Faiba ipo, imechoka lakini ni ile ile iliyokimbia.

Mchomeleaji

Nakubaliana na dada. Kile kipande cha alumini nyekundu kwenye ukuta wa moto kiachwe pale pale. Asikiguse mtu, asikipake rangi.

Nakuru254

Sawa, mmenishinda kwa hiyo ya kukisia kutoka picha moja. Ningekuwa na michoro ningebisha.

MzeeShasi

Michoro ikitokea tutabishana upya na nitakuwa upande wako. Kwa sasa linabaki kijani. Mkuu, breki na mabomba ya mafuta ndo uguse, pamoja na matairi, na kila unachotoa weka kwenye mfuko na lebo, imeandikwa kilitoka wapi. Kabla hujajaribu kuiwasha zungusha injini kwa mkono kwanza, mwaga mafuta mepesi kwenye matundu ya plagi, iache ilale siku kadhaa, imekaa muda mrefu sana, ukilazimisha stata utavunja ringi.

MtuWaGereji

Nimemsomea bibi uzi mzima, namtafsiria. Kwenye ile ya bodi amejibu mwenyewe: mzee alivua alumini baada ya kugonga ukingo, akasema hawezi kuinyoosha tena wakati mtoto wa pili anakuja na muda hakuna, akanunua ganda la faiba. Kwahiyo linabaki kijani.

Wa mnada amewaambia haliuzwi. Tumekubaliana nimwandikie karatasi ya kuwekwa pamoja na kile kitabu na nakala iende kwa klabu: jina la mzee na la bibi kama wajenzi, shasi ya Austin 7 ndefu iliyozibwa boksi, ekseli ya mbele imegawanywa kwa mkono, injini ya Ford 10 tangu 1954, bodi ya faiba tangu 1958, mtengenezaji wa ganda bado anatafutwa. Dada Spana nitakutumia vipimo vya ganda na picha za upande wa ndani jumamosi, nikishapata taa kubwa ya kuingia nayo mle.